Kutofungamana Si Kukaa Peke Yako

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa ofisini nikiandika vyeti vya ubatizo, mzee mmoja wa usharika wetu akabisha hodi. Mzee huyu katika ujana wake alisoma kilimo Kibaha, na hata leo akipanda migomba hupima nafasi kwa kamba kama alivyofundishwa kule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akaegemeza fimbo yake ukutani.

"Karani," akasema, "wewe umesomea ualimu, hebu nieleze jambo hili. Wale Wazungu wa Nordiki waliotufundisha Kibaha walituambia kwao hawapendi kambi za vita. Mwalimu Nyerere naye alituambia kwamba sisi hatufungamani na upande wowote. Sasa mjukuu wangu ananisomea katika simu yake kwamba Ufini na Uswidi zimeingia NATO. Nani alitudanganya, wale wa zamani au hawa wa leo? Na sisi tuliobaki nje, tumebaki kwa hekima au kwa kuchelewa tu?"

Sikuwa na jibu la mara moja. Nilimwomba anipe juma moja, naye akakubali, akaniambia nisiandike kwa Kiswahili cha mkutano, bali kwa Kiswahili cha nyumbani. Basi, wasomaji wapenzi, haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa kuwa nadhani mzee huyu si peke yake mwenye kuuliza.

MANENO NA MAANA YAKE

Kwanza tuelewane katika maneno. Nchi isiyofungamana kijeshi ni nchi ambayo haikutia sahihi mkataba wa kuilazimisha kupigana vita vya mwingine, wala hakuna mwingine aliyeapa kuipigania. Ni hilo tu. Haina maana kwamba nchi hiyo haina jeshi. Uswidi na Ufini, miaka yote zilipokuwa nje ya kambi, zilikuwa na majeshi yenye silaha nzuri, na vijana wa Kifini waliitwa jeshini kwa sheria, kama wanavyoitwa hata leo. Kwa upande mwingine Iceland, kisiwa cha jirani zao, haina jeshi la taifa, nayo imo katika NATO tangu jumuiya hiyo ilipoundwa mwaka 1949. Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili: kuwa na bunduki ni jambo moja, kuwa na kiapo ni jambo jingine.

Wala kutofungamana si kunyamaza. Mtu aweza kukataa kuingia katika ugomvi wa wakubwa, na bado akasema wazi kwamba hili ni haki na lile ni dhuluma. Tena aweza kuwa na ahadi nyingi kwa jirani zake. Hapo ndipo penye kiini cha swali la mzee. Maana nchi isiyo na kambi bado ina majirani, na jirani akipigwa usiku atapiga yowe. Je, mwenye siasa ya kutofungamana atafungua mlango?

VITA VILIPOWAKUTA MAJIRANI

Kaskazini ya Ulaya wanakaa majirani watano: Denmark, Norwe, Uswidi, Ufini na Iceland. Nchi hizi zote zilipokea matengenezo ya Luther karne nyingi zilizopita. Zamani walipigana sana wao kwa wao, lakini Uswidi haijapigana vita na jirani tangu mwaka 1814. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia, wote walitangaza kwamba hawamo. Kila mmoja alidhani kutangaza kunatosha.

Hakukutosha. Tarehe 30 Novemba 1939 Urusi ya Kisovieti iliishambulia Ufini. Wafini walipigana katika theluji siku 105. Serikali ya Uswidi haikuingia vitani, ingawa ilitoa silaha na fedha, na Waswidi zaidi ya 8,000 walijitolea wenyewe wakavuka kwenda kusaidia. Mwisho Ufini ilipoteza sehemu ya nchi yake, na watu zaidi ya 400,000 wakahama kutoka katika nyumba zao. Baadaye, tangu 1941 hata 1944, Ufini ilipigana tena na Urusi, safari hii pamoja na Wajerumani, ikashindwa tena.

Tarehe 9 Aprili 1940 ilikuwa zamu ya Denmark na Norwe. Wajerumani waliziingia zote mbili siku moja. Denmark ilisalimu amri siku ile ile. Norwe ilipigana miezi miwili, ikatawaliwa na adui miaka mitano.

Uswidi ikabaki haikuguswa. Lakini usalama huo ulikuwa na bei yake. Tangu 1940 hata 1943 iliruhusu treni kupita katika nchi yake zikichukua askari wa Kijerumani waliokwenda likizo na kurudi Norwe, nchi ya jirani iliyokuwa imefungwa kamba. Chuma cha Uswidi nacho kiliendelea kuuzwa Ujerumani. Wanorwe wengi hawakuyasahau mambo hayo upesi, na nani atawalaumu?

Lakini yafaa tuseme yote. Uswidi ile ile ilipokea watoto wa Kifini wapatao 70,000 katika miaka ya vita. Watoto hao walisafirishwa kwa treni na meli, kila mmoja na kibandiko shingoni chenye jina lake, wakalelewa katika nyumba za Waswidi hata hatari ilipopita. Wengine walikuwa wadogo hata walipoitwa kurudi kwao walikuwa wamesahau lugha ya mama zao. Tena mwezi wa Oktoba 1943, Wajerumani walipotaka kuwakamata Wayahudi wa Denmark, wavuvi wa Kidenmark waliwavusha usiku kwa mashua, na Uswidi ikawapokea zaidi ya 7,000.

Basi tunaona katika nchi moja, chini ya siasa moja, mlango uliofunguliwa kwa treni za mkandamizaji na mlango uliofunguliwa kwa mkimbizi. Wote twakijua kisa cha yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, na wale wawili waliopita kando. Nao hawakuwa wamefungamana na wanyang'anyi. Hata hivyo hatuwasifu.

MEZA ILIYOVUNJIKA

Vita vilipokwisha, majirani hawa waliulizana: tufanyeje yasitukute tena? Mwaka 1948 Uswidi ilileta shauri jema kwa sura. Ilisema, sisi watatu, Uswidi, Norwe na Denmark, tufanye umoja wetu wa ulinzi, tuapiane wenyewe, wala tusifungamane na Amerika wala Urusi.

Wakakaa mezani miezi kadhaa, na mwanzoni mwa 1949 mazungumzo yakavunjika. Norwe ilikuwa imeonja kutawaliwa, nayo ikasema, umoja wa watu wadogo watatu bila msaada na silaha kutoka Magharibi hautamzuia mkubwa. Uswidi ikasema, tukijifunga na Magharibi tutawaleta wakubwa milangoni petu, na atakayeumia kwanza ni Ufini. Denmark ilijaribu kuwapatanisha, ikashindwa. Mwezi wa Aprili 1949 Norwe, Denmark na Iceland zikatia sahihi mkataba wa NATO. Uswidi ikabaki nje kwa hiari yake. Ufini haikuwa na hiari kubwa: mwaka 1948 ilikuwa imetia sahihi mapatano na Urusi, kwamba Ujerumani au rafiki zake wakitaka kuishambulia Urusi kwa kupitia Ufini, Ufini itapigana kuwazuia, na ikihitajiwa Urusi itasaidia baada ya kushauriana. Lakini Wafini waliomba yaandikwe humo kwamba nchi yao inataka kukaa nje ya ugomvi wa wakubwa, nayo yakaandikwa.

Hapa mtu angedhani ujirani umekwisha. Watatu wamekwenda Magharibi, mmoja amebaki katikati, mmoja amefungwa mkono na Mashariki. Kwetu ndugu wakigawana shamba vibaya huweza kukaa miaka kumi wasisalimiane. Wao hawakufanya hivyo, na hilo ndilo nataka mzee wangu alishike.

KUJIZUIA KWA AJILI YA MWENZAKO

Kwanza, kila mmoja alijizuia kwa ajili ya mwenzake. Norwe iliingia NATO, lakini hata kabla ya kutia sahihi mwaka 1949 ilisema kwamba wakati wa amani haitaruhusu majeshi ya kigeni kuweka vituo katika nchi yake. Baadaye Norwe na Denmark zikakataa pia kuwekewa mabomu ya atomiki wakati wa amani. Kwa nini? Sababu moja ilikuwa kwamba zikiruhusu, Urusi ingepata kisingizio cha kuibana Ufini. Na Uswidi ikajua kwamba ikitoka katikati, mzigo utaanguka juu ya Ufini vilevile.

Jambo hilo lilijaribiwa mwishoni mwa Oktoba 1961. Urusi iliipelekea Ufini barua kutaka mashauriano ya kijeshi kama mapatano ya 1948 yalivyosema. Ulaya nzima ikaogopa. Rais Urho Kekkonen wa Ufini akasafiri hata Novosibirsk, mbali katika Siberia, akakutana na Nikita Khrushchev, akamweleza kwamba mashauriano hayo yatawatia hofu watu wote wa Kaskazini, na majirani wataanza kujitayarisha kwa vita. Mashauriano hayakufanyika. Tazama: mtu mmoja aliye dhaifu alipata nguvu ya kusema kwa sababu majirani zake walikuwa wamejizuia, na mkubwa alijua kwamba wakitishwa wataacha kujizuia.

Pili, waliacha ulinzi kando wakafanya yote mengine pamoja. Mwaka 1952 waliunda Baraza la Nordiki, na Ufini ikaingia mwaka 1955. Barazani hawakujadili mambo ya majeshi, maana walijua hapo watagombana. Walijadili kazi, shule, barabara na malipo ya wazee. Tangu 1954 Mswidi, Mnorwe, Mdenmark na Mfini waliweza kufanya kazi katika nchi ya mwenzake bila kuomba kibali, na katika miaka ile ile wakaacha kuonyeshana pasipoti mipakani.

Tatu, huko nje walizoea kusema kwa pamoja. Kabla ya kura katika Umoja wa Mataifa wajumbe wao walikutana wakashauriana. Mwaka 1956 askari wa Denmark, Norwe, Uswidi na Ufini walikwenda Misri pamoja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa kulinda amani. Mwaka 1978 mawaziri wao wa mambo ya nje walikubaliana mpango mmoja juu ya utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini, pamoja na kuzuia mitaji mipya isipelekwe huko. Waliofungamana na wasiofungamana wakatia sahihi karatasi moja.

Na hapo ndipo Kibaha inapoingia. Mzee wangu alidhani walimu wake wote walitoka katika nchi zisizo na kambi. Sivyo. Kituo cha Kibaha kilianza mwaka 1963 kwa mapatano ya Tanganyika na nchi nne: Denmark, Norwe, Uswidi na Ufini. Mbili zilikuwa katika NATO kwa miaka 14 tayari, na mbili zilikuwa nje. Walijenga shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, na mwaka 1970 wakatukabidhi vyote. Nilipomwambia hivyo baadaye, mzee alicheka, akasema, "Miaka yote hii sikuweza kuwatofautisha." Nami nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo sifa yao."

NENO LILILOFICHWA

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Mwaka 1994 tume iliyoteuliwa na serikali ya Uswidi yenyewe ilitoa taarifa yake. Ilionekana kwamba tangu 1949 hata 1969 nchi hiyo, iliyohubiri kutofungamana, ilikuwa ikifanya matayarisho ya siri ya kupokea msaada wa kijeshi kutoka Magharibi kama vita vingekuja. Wakuu wachache walijua. Wananchi hawakujua. Mkulima wa Kiswidi alilala akiamini jambo moja, na serikali yake ilitayarisha jingine.

Labda ilikuwa busara ya ulinzi. Wajuzi wa vita watabishana. Sisi watu wa kanisa twaweza kuuliza swali dogo tu. Ikiwa neno ulilowaambia watoto wako si neno ulilomwambia jirani, watoto wakijua watakuamini tena? Siri za mizinga na njia za majeshi zina haki ya kufichwa. Bali siasa yenyewe, yaani sisi ni nani na tumemwahidi nani, hiyo ni mali ya wananchi, kwa sababu wao ndio watakaopeleka wana wao.

AHADI MPYA NA JARIBU LAKE

Urusi ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, Ufini ikawa huru kuchagua. Tarehe 1 Januari 1995 Uswidi na Ufini ziliingia Umoja wa Ulaya, ambao nchi zake zimeahidiana kuwa na siasa moja ya mambo ya nje. Kwa hiyo hazikuweza tena kujiita nchi zisizo na upande. Zilianza kusema, sisi hatufungamani kijeshi, lakini katika siasa tumo pamoja na wenzetu.

Ahadi zikaongezeka. Mkataba wa Lisbon ulioanza kutumika Desemba 2009 unasema kwamba nchi mwanachama ikishambuliwa kwa silaha, wengine wana wajibu wa kuisaidia kwa njia zote walizo nazo. Kisha ukaongeza kwamba jambo hili halitavunja siasa ya pekee ya ulinzi ya baadhi ya nchi. Mwaka ule ule Uswidi ilitangaza kwamba haitakaa kimya kama nchi ya Umoja wa Ulaya au jirani wa Nordiki atapatwa na maafa au kushambuliwa, nayo inatumaini kwamba wao pia hawatakaa kimya ikishambuliwa yenyewe. Mwezi wa Aprili 2011 mawaziri wa nchi zote tano wakatoa tamko la kusaidiana.

Yalikuwa maneno mazuri. Lakini msomaji aliyewahi kuwa mwekahazina wa chama cha kuzikana atanielewa. Watu wote husema watachanga. Je, daftari liko wapi? Zamu imepangwa? Nani ataleta jeneza? Mpango wenye amri moja kwa vita vya siku hiyo haukuwapo, kwa kuwa wengine walikuwa ndani ya NATO na wengine nje.

Tarehe 24 Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine kwa majeshi makubwa. Ukraine haikuwa katika kambi. Ilikuwa na rafiki wengi na ahadi nyingi, lakini haikuwa na aliyeapa kupigana ubavuni pake. Ufini, yenye mpaka na Urusi wa zaidi ya kilometa 1,300, iliangalia ikakumbuka 1939. Tarehe 17 Mei bunge la Ufini lilipiga kura: 188 wakakubali kuomba kuingia NATO, 8 wakakataa. Kesho yake, tarehe 18 Mei, mabalozi wa Ufini na Uswidi walipeleka barua zao pamoja. Norwe, Denmark na Iceland zilikuwa zimekwisha kutangaza kwamba wenzao wakishambuliwa kabla hawajapokewa, watawasaidia kwa njia zote. Uturuki na Hungaria zilichelewesha. Ufini ikapokewa tarehe 4 Aprili 2023, na Uswidi tarehe 7 Machi 2024. Hivyo ile meza iliyovunjika mwaka 1949 ilikamilika baada ya miaka 75, na wote watano wakakaa upande mmoja.

Je, ni lazima kila mmoja afanye hivyo? La. Austria ina sheria yake ya kutofungamana tangu 1955, nayo pamoja na Ireland, Malta na Kupro zimo katika Umoja wa Ulaya na zimebaki nje ya NATO. Tena kuna visiwa vya Åland, vya Ufini, ambavyo wenyeji wake husema Kiswidi. Vilikatazwa ngome tangu mwaka 1856, na mwaka 1921 Shirika la Mataifa lilipoamua ugomvi wa Uswidi na Ufini juu yake, mataifa kumi yakaahidi kwamba visiwa hivyo havitatumika kwa vita. Ufini imeingia NATO, na ahadi ya Åland imebaki. Ahadi ni deni, hata ikiwa imevuka miaka mia moja.

NA SISI JE?

Sasa nimjibu mzee sehemu ya pili ya swali lake. Huenda tukasema haya ni mambo ya Wazungu wenye theluji. Lakini tazama nyumbani.

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kuitaka Urusi iondoe majeshi yake Ukraine. Nchi 141 zilikubali, 5 zikakataa, 35 zikajizuia. Jumuiya ya Afrika Mashariki siku hiyo ilikuwa na nchi sita. Kenya na Rwanda zilikubali. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudani Kusini zilijizuia. Tena mwaka 2024, mwezi wa Januari, Uganda ilipokea mjini Kampala mkutano mkuu wa Nchi Zisizofungamana na ikashika uenyekiti; na mwaka ule ule Marekani ikaitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu wa kijeshi aliye nje ya NATO. Nchi mbili zenye mpaka mmoja, soko moja na jumuiya moja. Na mkataba wa Jumuiya uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999 unasema kwamba nchi wanachama zitakuwa na siasa ya pamoja ya mambo ya nje na ya usalama.

Sisemi kwamba aliyejizuia alikosa, au kwamba aliyekubali alikosa. Majirani wa Kaskazini waliishi miaka 70 na zaidi wakitofautiana. Ninauliza kama sisi tulikaa kwanza tukaambizana sababu, kama wao walivyozoea kukaa kabla ya kura. Kutofautiana hakuvunji ujirani. Kinachouvunja ni kusikia habari za jirani yako kwanza kwa mtu wa mbali.

Wala tusidhani kwamba sisi tusiofungamana hatuna kiapo. Tarehe 26 Agosti 2003, papa hapa Dar es Salaam, nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, nchi yetu ikiwamo, zilitia sahihi mapatano ya ulinzi: mmoja akishambuliwa kwa silaha, itahesabiwa kuwa ni hatari kwa amani ya wote, nao watachukua hatua pamoja, kila nchi kwa namna itakayoona inafaa. Ni wangapi katika usharika wetu wanaojua? Lakini akina mama walio na wana jeshini wanajua maana yake bila kuisoma. Vijana wetu wamekwenda Kongo ya Mashariki tangu 2013 chini ya Umoja wa Mataifa, na Msumbiji walikwenda tangu 2021 hata 2024 pamoja na wenzao wa SADC. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki katika Kongo, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la usiku mmoja. Hawakufa kwa sababu ya kambi ya Magharibi wala ya Mashariki. Walikufa kwa sababu jirani alikuwa akipiga yowe.

Kwa hiyo, mzee wangu, jibu langu ni hili. Hakuna aliyekudanganya Kibaha. Walimu wako wa nchi zilizofungamana na walimu wako wa nchi zisizofungamana walikuwa wameahidiana mengi kupita kiapo cha vita, na waliyashika. Hawa wa leo waliona kwamba ahadi yao bila mpango wa kijeshi haitawatosha mbele ya jirani mkubwa aliyevuka mpaka. Hukumu yao ni yao, kwa mpaka wao na kwa kumbukumbu zao.

Sisi tuna mipaka yetu na kumbukumbu zetu. Kubaki nje ya ugomvi wa wakubwa ni neno la hekima, nami naamini bado ni jema. Lakini lina masharti. Asiye na kambi hapunguziwi deni kwa jirani yake, bali analo kubwa zaidi, maana hana mkubwa wa kumsingizia. Ashauriane na jirani kabla ya kusema mbele ya dunia. Akubali kujizuia katika jambo ambalo lingemletea jirani hatari. Awaambie watoto wake wazi alichoahidi. Na siku ya yowe afungue mlango.

Nilimsomea mzee maneno haya Jumapili iliyofuata, chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza tu, "Na daftari letu la zamu, tunalo?" Nikasema, "Mzee, hilo tuwaulize wabunge wetu." Akainuka kwa fimbo yake, akasema atamwuliza wa kwetu akija.

Nasi tufanye hivyo, wasomaji wapenzi. Tuwaulize kwa adabu, tena tuwaombee wakuu wa nchi zetu zote za Afrika Mashariki wapate roho ya kushauriana. Na tuwakumbuke kwa majina, katika sala za nyumbani, vijana wetu walioko nje usiku huu wakilinda mlango wa jirani.